Ndago za majimaji bustanini: anza na kina cha maji

Nikiulizwa kwa nini ndago ya majimaji imekufa bustanini, swali langu la kwanza huwa hili: maji yalikuwa yanafika wapi kwenye shingo ya mmea? Shingo ni pale machipukizi yanapotokea, juu kidogo ya mizizi. Ukijua maji yalikaa sentimita ngapi juu au chini ya hapo, na kwa muda gani, mara nyingi umeshajua kilichotokea. Udongo, mbolea, jua na aina ya chombo vyote vina nafasi yake, nami nitavifikia. Lakini kina cha maji ndicho kinachoamua kama mmea utaishi hadi uhitaji hayo mengine.

Ninaposema ndago za majimaji nina maana ya mimea ya jamii ya Cyperaceae inayoishi vinamasini na kandokando ya mito na maziwa: mafunjo na ndugu zake, aina nyingi za Carex, na zile zinazoonekana hazina majani kama Eleocharis na Schoenoplectus. Jamii nzima ina spishi zaidi ya 5,000, na Carex peke yake inakaribia 2,000, kwa hiyo usitegemee maelekezo ya aina moja yafae aina zote.

Wengi huzichukulia kuwa nyasi. Vidole vinatosha kuzitofautisha. Viringisha shina kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi huzunguka bila kukwama, lina vifundo, na katikati ya kifundo na kifundo kwa kawaida ni tupu. Shina la ndago nyingi lina kingo tatu, kwa hiyo hukwama kila linapogeuka. Halina vifundo kati ya shingo na kichwa, na ukilikata unakuta limejaa uboho mweupe mwepesi. Ukiutazama mmea kutoka juu, majani yametoka katika safu tatu. Eleocharis na baadhi ya Schoenoplectus zina mashina ya mviringo, basi hapo kipimo cha vidole hakisaidii. Hizo utazijua kwa kuwa majani yake yamebaki ala tu kwenye tako, na shina lenyewe la kijani ndilo linalotengeneza chakula.

Uboho ule mweupe ndio siri ya mimea hii. Oksijeni husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Udongo ukilowa kabisa, vijidudu vilivyomo humaliza oksijeni iliyobaki kwa muda mfupi, na mizizi ya mmea wa kawaida hufa kwa kukosa hewa. Ndago za majimaji huchukua hewa juu, kwenye majani na mashina, na kuishusha hadi mizizini kupitia mirija iliyomo ndani ya mwili wake. Kiasi fulani cha hewa hiyo huvujia kwenye tope. Ng'oa mzizi mmoja wa ndago yenye afya kutoka kwenye tope jeusi, uuoshe taratibu, utauona umevaa ganda jembamba la rangi ya kutu. Ni kutu kweli: chuma kilichoyeyuka ndani ya tope kimekutana na oksijeni iliyovuja kwenye mzizi kikaganda pale pale. Mzizi mweupe au wenye kutu ni mzima. Mzizi mweusi, laini, unaochubuka ukiuvuta kati ya vidole, umekufa.

Kutokana na hilo, mambo matatu yanajieleza yenyewe. Mche mchanga ambao majani yake yote yako chini ya maji hauna pa kuvutia hewa, utaoza hata kama aina yake inasifiwa kuvumilia nusu mita ya maji. Shina likikatwa chini ya uso wa maji, maji huingia kwenye mirija na kuziba njia ya hewa kuelekea kwenye mashina tambazi yaliyo ardhini. Na samadi mbichi ndani ya tope hula oksijeni ile ile ambayo mmea umehangaika kuishusha.

Kuchagua aina kwa kina na kwa baridi

Mafunjo (Cyperus papyrus) yakipata nafasi hufika mita 4 na hata 5. Yakishakomaa yanavumilia sentimita 30 za maji juu ya udongo; porini hata huelea, mashina tambazi yakifumana na kuwa tabaka nene juu ya maji marefu. Yanataka jua la moja kwa moja angalau saa sita kwa siku, nafasi, na kinga dhidi ya upepo mkali, kwa sababu kichwa kizito juu ya shina refu huvunjika kirahisi. Kwenye bustani ndogo siyashauri. Chukua Cyperus prolifer, yenye vichwa vya nyuzi kama vya mafunjo lakini yenye urefu wa sentimita 50 hadi 90, na inayoridhika na beseni lenye maji sentimita 0 hadi 10 juu ya udongo.

Anayeanza ningempa Cyperus alternifolius, ambayo sehemu nyingine huandikwa C. involucratus, yenye majani yaliyotandazwa juu ya shina kama mwavuli. Hufika mita moja hadi moja na nusu, hukubali kivuli kiasi, hukubali chungu ndani ya nyumba, na huvumilia maji kuanzia udongo unyevu hadi sentimita 15. Ni vigumu kuiua kwa maji mengi. Kuiua kwa ukame ni rahisi.

Aina hizo ni za nchi za joto. Jalidi huunguza sehemu ya juu, na ardhi ikiganda, mafunjo hayarudi tena. Kwenye majira ya baridi kali hamisha chungu ndani pale usiku unapoanza kushuka chini ya nyuzi joto 10, ukiweke penye mwanga mwingi, na ushushe maji yalingane na uso wa udongo mpaka joto lirudi.

Kwa nchi za baridi kuna Carex. Carex elata hukua kwa vichaka vilivyojikusanya vya sentimita 60 hadi 90, na kuna aina yake yenye majani ya dhahabu inayopendwa sana. Iweke kwenye udongo uliolowa au maji yasiyozidi sentimita 5. Carex pseudocyperus ina masuke yanayoning'inia, hupenda kivuli cha sehemu, na hujiotesha yenyewe kwa mbegu. Carex riparia ni kubwa, imara, na ina mwendo: mashina yake tambazi huvuka bwawa dogo haraka. Ifungie ndani ya chombo au uiache kabisa. Aina hizi za Carex hustahimili barafu bila tabu, lakini kwenye joto la mwaka mzima la mabondeni huishi kwa shida, kwa hiyo usizifuate kwa sababu tu picha zake zinavutia.

Schoenoplectus tabernaemontani yenye mikanda myeupe ya kupita shina (aina ya 'Zebrinus') hukaa vizuri kwenye sentimita 5 hadi 15. Kila inapotoa shina la kijani tupu, ling'oe pamoja na kipande chake cha shina tambazi. Mashina ya kijani yana nguvu zaidi, na ukiyaacha yatayameza yale yenye mikanda. Eleocharis acicularis ni ndogo na nyembamba kama sindano, nzuri kwa ukingo wa kidimbwi. Eleocharis dulcis huzaa viazi vidogo vinavyoliwa, ikipewa maji ya sentimita 5 hadi 10 na miezi sita hadi saba ya joto mfululizo.

Udongo

Usitumie mchanganyiko wa kawaida wa vyungu. Una mboji nyingi nyepesi. Sehemu huelea mara tu maji yanapoingia, na sehemu huoza na kuyalisha maji hadi mwani unatawala. Kinachofaa ni udongo wa kawaida wa shamba wenye mfinyanzi kiasi, usio na samadi wala dawa za magugu. Chukua kidogo, kiloweshe, ukisokote kiwe na unene wa penseli. Kikikatika kabla hujamaliza kusokota, kichanga ni kingi mno. Kikipinda kuwa pete bila ufa wowote, mfinyanzi ni mwingi. Changanya sehemu tatu za udongo huo na sehemu moja ya mchanga mkavu wa chembe kubwa. Unataka ule unaosokoteka vizuri lakini unapasuka ukijaribu kuupinda. Mfinyanzi una faida yake, maana hushika fosforasi na madini mengine yasikimbilie majini.

Angalia pia unachimba wapi. Ndago ya shambani, Cyperus rotundus, ni ndugu wa mimea hii na ni miongoni mwa magugu sugu kabisa duniani. Viazi vyake vidogo vyeusi, vilivyoungana kama mnyororo, vingi hukaa kwenye sentimita 15 za juu. Kiazi kimoja kikiingia kwenye kitanda chako cha majimaji, utakipalilia miaka. Ondoa tabaka la juu kwanza, chota udongo wa chini yake, na uupitishe kwenye chekeche la matundu ya milimita 5.

Kupanda kwenye chombo

Chombo kipana ni bora kuliko kirefu. Kwa Cyperus alternifolius lita 10 hadi 15 zinatosha kuanzia. Kwa mafunjo usishuke chini ya lita 30, na lita 50 ni bora. Kumbuka kwamba lita moja ya udongo uliolowa ina uzito unaokaribia kilo 2, kwa hiyo beseni la lita 30 litafika kilo 55 hivi. Liweke mahali pake kabla ya kulijaza. Kama mahali pana upepo, tanguliza jiwe zito bapa chini.

Kuna njia mbili. Chombo kisicho na tundu, ambacho maji hukaa ndani yake, au kikapu cha plastiki chenye matundu kinachoshushwa ndani ya bwawa. Kwa kikapu, tandika gunia la katani au kitambaa kizito chenye matundu madogo ili udongo usitoke. Jaza udongo hadi nusu, uushindilie kwa ngumi bila kuufanya tofali, weka mmea katikati, au pembeni ikiwa ni aina inayotambaa upande mmoja, ukielekeza ncha inayokua upande wenye nafasi. Ongeza udongo hadi shingo ilingane na uso. Usiifukie. Acha sentimita 4 hadi ukingoni, kisha mwaga changarawe iliyooshwa unene wa sentimita 2. Changarawe huzuia udongo usichafue maji, huzuia samaki wasifukue, na huushika mmea mpaka uote mizizi mipya.

Kisha loweka chombo chote taratibu kwa kumwagia maji juu ya changarawe mpaka mapovu yaishe kabla ya kukishusha bwawani. Ukitumbukiza udongo mkavu, hewa iliyonaswa hulipuka na kuinua mche.

Majuma mawili hadi matatu ya mwanzo maji yalingane na uso wa changarawe, si zaidi. Ukiona chipukizi jipya limesimama juu ya maji, pandisha maji sentimita 2 kila juma mpaka ufikie kina cha aina yako. Bwawani hili hufanyika kwa matofali: anza na kikapu juu ya matofali matatu, toa moja moja. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoua miche mingi iliyonunuliwa ikiwa mizima kabisa.

Kitanda cha majimaji

Asiye na bwawa anaweza kutengeneza kinamasi kidogo, na kwangu hii ndiyo njia bora ya kufuga ndago kwa sababu kina hujirekebisha chenyewe. Tuseme unataka urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Chimba kina cha sentimita 50, kuta zikiwa na mteremko kidogo. Ondoa mawe na mizizi yenye ncha, tandaza mchanga sentimita 3 au mazulia chakavu, halafu plastiki nzito ya bwawa. Ukubwa wa plastiki ni urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 30 za kingo: hapa ni mita 3.3 kwa mita 2.8.

Toboa plastiki kwenye kuta peke yake, sentimita 15 chini ya uso, matundu ya sentimita 1 kila baada ya nusu mita. Wapo wanaotoboa sakafuni. Sipendi, kwa sababu kitanda hukauka kuanzia chini na mashina tambazi hupenya matundu. Matundu ya pembeni huacha akiba ya maji ya sentimita 35 chini, na mvua kubwa ikinyesha, ziada hutokea hapo kabla ya kuzama shingo za mimea. Hakikisha tu ardhi inayozunguka inapitisha maji. Kama yenyewe ni mfinyanzi mtupu, ziada haitakuwa na pa kwenda.

Mwaga kokoto ndogo sentimita 5 sakafuni, ambazo kwa kitanda hiki ni lita 150. Juu yake laza bomba la plastiki la milimita 32 lililotobolewa matundu ya milimita 3 kila sentimita 30, mwisho mmoja umezibwa, mwingine umepinda na kutokeza nje ya udongo. Hapo ndipo utakapomimina maji, na hapo ndipo utakapopimia: tumbukiza kijiti kikavu, kitoe, uone kimelowa sentimita ngapi. Usifunike kwa udongo kabla hujajaribu bomba kwa ndoo moja ya maji. Jaza udongo ule ule uliouchekecha. Kwenye kitanda hiki, kwa kuwa juu hapazami, unaweza kuchanganya sehemu nne za udongo na sehemu moja ya mboji iliyoiva kabisa katika sentimita 20 za juu. Acha udongo utulie kwa juma moja ukiwa umelowa, ongeza palipodidimia, ndipo upande. Nafasi: sentimita 30 kwa Cyperus prolifer na Carex elata, 60 kwa C. alternifolius, mita 1 au zaidi kwa mafunjo.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Siku ya joto na upepo, kitanda kilichojaa majani kinaweza kupoteza milimita 5 hadi 10. Kwa kitanda hiki cha mita 3 za mraba ni lita 15 hadi 30 kwa siku. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuchimba, uone kama maji yako yanatosha msimu wa kiangazi. Maji ya mvua ni bora, kwa kuwa hayana chumvi nyingi.

Chombo kisicho na tundu hukusanya chumvi. Maji hupanda hewani, chumvi hubaki, na baada ya muda unaona utando mweupe ukingoni mwa beseni na ncha za majani zimekuwa kahawia. Kila baada ya miezi miwili au mitatu mimina maji safi polepole mpaka yafurike, kiasi kinacholingana na mara mbili ya ujazo wa chombo.

Kuhusu mbu: kwenye joto viluwiluwi vinaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hivi. Kwenye beseni dogo, weka maji sentimita 2 chini ya uso wa changarawe, ndago haitajali, na mbu hatapata maji ya wazi ya kutagia. Kwenye kidimbwi weka samaki wadogo wa asili ya eneo lako, au tumia dawa ya bakteria Bti, inayoua viluwiluwi bila kuwadhuru samaki. Na kama watoto wadogo hufika bustanini, funika maji ya wazi kwa wavu wa chuma chini kidogo ya uso. Maji machache tu yanatosha kumzamisha mtoto.

Kulisha na kukata

Ndago za bwawani hazihitaji mbolea nyingi. Maji yenye samaki tayari yanazilisha. Zile za kwenye vyombo zilishe wakati wa kukua tu, kwa mbolea ya chembe zinazoyeyuka polepole, gramu 10 hivi kwa kila lita 10 za udongo, kila miezi mitatu. Zifunge kwenye kipande cha karatasi, tumia kijiti kuchimba tundu la sentimita 10 karibu na mizizi, zisukume humo, ziba kwa udongo. Mbolea iliyomwagwa juu huishia kwenye mwani.

Kuhusu kukata, fahamu kwanza jinsi mmea unavyokua. Shina la mafunjo au la C. alternifolius hutoka mara moja kwenye ncha ya shina tambazi, hukua, huzeeka, hukauka. Ukilikata kichwa halitoi kingine. Kwa hiyo usizipunguze kwa kuzikata usawa mmoja kama ua wa miti; utabaki na vijiti. Chagua mashina yaliyogeuka manjano au kahawia, yakate chini kabisa, lakini sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwango cha juu kabisa ambacho maji yatafika. Hata shina lililokauka bado linapitisha hewa kwenda chini, ndiyo maana visiki vinapaswa kubaki nje ya maji.

Carex zinazokauka majani wakati wa baridi hukatwa zikabaki sentimita 10 mwishoni mwa majira hayo, kabla ya machipukizi mapya. Zile zinazobaki kijani mwaka mzima usizikate. Vaa glovu uzichane kwa vidole, majani yaliyokufa yatatoka yenyewe. Glovu ni za lazima. Kingo za majani ya Carex nyingi zina vimeno vidogo vya silika vinavyochana ngozi kabla hujahisi.

Unachokikata kitoe nje ya maji. Watu husema ndago husafisha bwawa, na ni kweli kwamba hutumika kwenye mabwawa ya kusafishia maji machafu. Lakini naitrojeni na fosforasi zilizofyonzwa zimo ndani ya majani, na yakiozea majini zinarudi zilikotoka.

Kuzigawa na kuziotesha

Baada ya miaka miwili hadi minne kichaka hufa katikati na kuishi pembeni, au chombo hujaa hadi kikapu kinapinda. Huo ni wakati wa kugawa: mwanzo wa mvua kwenye nchi za joto, majira ya kuchipua kwenye nchi za baridi. Usigawe mmea uliolala usingizi wa baridi, maana majeraha yataoza kabla ya kupona. Toa kichaka kizima, kioshe uone mashina tambazi, ukate kwa msumeno wa zamani wa mbao. Sepetu hupondaponda, na palipopondeka ndipo uozo unapoanzia. Kila fungu liwe na machipukizi matatu hadi matano na sentimita 10 hivi za shina tambazi lenye ncha inayokua. Sehemu ya kati, kuukuu na nyeusi, itupe. Kata majani yabaki nusu ili mmea usipoteze maji mengi wakati mizizi haijashika, lakini nusu hiyo ionekane juu ya maji. Kisha rudi kwenye utaratibu wa kupanda: maji sawa na uso wa udongo, halafu sentimita 2 kwa juma.

C. alternifolius ina njia nyingine inayofurahisha. Chagua kichwa kilichokomaa lakini bado kijani kibichi, kikate na sentimita 5 za shina, punguza majani ya mwavuli hadi nusu ya urefu, kisha kilaze kichwa chini miguu juu ndani ya bakuli la maji, kitovu cha mwavuli kikiwa kimezama. Weka penye mwanga usio na jua kali. Kwenye joto, ndani ya wiki mbili hadi nne utaona vichipukizi vya kijani vikichomoza kwenye makwapa ya majani, na mizizi myeupe chini yake. Badilisha maji kila siku tatu nne yasinuke. Vichipukizi vikifika sentimita 8 hadi 10, panda kichwa chote kwenye udongo uliolowa. C. prolifer hukubali pia. Mafunjo makubwa mara nyingi hayakubali. Hayo yagawe kwa mashina tambazi.

Mbegu za Carex huvunwa pale vifuko vyake vinapogeuka kahawia na kuachia ukipitisha vidole kwenye suke. Za aina nyingi za nchi za baridi hazioti mpaka zipate ubaridi: changanya na mchanga unyevu, weka kwenye jokofu kwenye nyuzi joto 4 hivi kwa wiki nne hadi nane. Kisha zimwage juu ya udongo uliolowa, usizifukie, kwa kuwa nyingi zinahitaji mwanga ili ziote. Hata mbegu ndogo mno za mafunjo hufuata kanuni hiyo ya mwanga, ila hizo hazitaki ubaridi; zinataka joto la nyuzi 20 na zaidi. Simamisha trei ndani ya beseni lenye maji ya sentimita 2 ili udongo unywe kutoka chini, maana maji yakimwagwa juu huzisomba zote kona moja.

Dalili na maana yake

Majani makuukuu yakiwa manjano kwanza, naitrojeni imepungua. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, chuma hakifikiki, mara nyingi kwa sababu udongo au maji yana chokaa nyingi. Mbolea zaidi haitasaidia, badilisha maji yawe ya mvua. Ncha za kahawia kwenye mmea ulio ndani ya nyumba ni hewa kavu au chumvi. Majani yenye madoa madogo ya rangi ya shaba na nyuzi laini kama za buibui ni utitiri mwekundu. Uoshe mmea kwa maji ya nguvu, hasa upande wa chini wa majani, kila siku tatu kwa wiki mbili. Vidukari vifanyie hivyo hivyo. Usipulize dawa ya wadudu juu ya maji yenye samaki au vyura.

Vumbi la rangi ya chungwa kwenye majani ya Carex ni kutu, ugonjwa wa ukungu. Kata majani yaliyoathirika, yatoe bustanini, na upunguze msongamano ili upepo upite. Mara chache utakuta punje nyeusi zilizojaa unga kwenye suke: hiyo ni fugwe, kata suke kabla halijapasuka.

Harufu ya mayai viza unapochokoa tope ni haidrojeni salfaidi. Tope jeusi lenye harufu kidogo ni kawaida kinamasini. Lakini kama harufu ni kali, mapovu yanapanda yenyewe na mashina yanalegea kwenye shingo, kuna kitu kinaoza chini, mara nyingi samadi au majani yaliyofukiwa. Toa mmea, osha mizizi, kata yote meusi na laini, pandikiza kwenye udongo mpya usio na mboji, na ushushe maji hadi sentimita 3 chini ya uso wa udongo mpaka uone chipukizi jipya.

Mwisho, mahali pa kutupia mabaki. C. alternifolius na mafunjo yametoroka bustanini na kuwa kero katika baadhi ya nchi zisizo asili yake, na kipande kidogo cha shina tambazi kinatosha kuanzisha kichaka kipya kandokando ya kijito. Kata masuke kabla mbegu hazijaiva kama bwawa lako lina mkondo wa kutokea. Mashina tambazi uliyoyaondoa yaanike juani juu ya sakafu ngumu mpaka yavunjike kwa mkono, ndipo uyapeleke kwenye lundo la mboji. Na kabla ya kununua aina ya kigeni, uliza kama katika eneo lako inaruhusiwa kupandwa. Karibu kila kinamasi kina ndago zake za asili ambazo tayari zinajua maji na hali ya hewa ya hapo.